Mbwa Hana Mikono

Njooni karibu. Karibu zaidi. Leo nawaletea kesi ya mbwa aliyesingiziwa.

Mbwa huyo aliitwa Togwa. Alikuwa mdogo, wa rangi ya uji wa togwa, na sikio lake moja liligoma kusimama.

Mwenye mbwa aliitwa Sekela. Sekela naye alikuwa mdogo. Maswali yake ndiyo yalikuwa makubwa.

Sekela na mama yake walipanga chumba katika ua wa Mzee Kajuni. Chumba cha pili alikaa Mama Gwamaka, mwimbaji wa kwaya. Nyumba kubwa yenye baraza ilikuwa ya Mzee Kajuni mwenyewe.

Na kule kwenye kona, ndani ya banda la mbao, alikaa Komando. Komando alikuwa mbwa wa ulinzi wa Mzee Kajuni. Mchana kutwa alifungiwa. Watu walimwona pua tu. Pua nyeusi, kwenye ufa wa mbao. Fss, fss, fss.

Kila asubuhi Sekela alimwekea Togwa maji safi. Kisha alimfunga kamba, wakaenda nyuma ya migomba.

Togwa alizunguka. Akazunguka tena. Akachuchumaa.

Alipomaliza, Sekela alichukua kipande cha jani la mgomba. Akaimba:

"Jani juu, bana!
Kunja, kunja, kunja!
Shimoni, pu!
Sabuni, maji, kwisha!"

Siku moja Sekela aliuliza, "Mama, kwa nini niokote mimi, na aliyejisaidia ni yeye?"

"Kwa sababu mbwa hana mikono," alisema Mama. "Mikono yake ni wewe."

Sekela alilifikiria jambo hilo. Akaona lina haki. Akaenda kunawa.

Basi, Jumatano asubuhi, Mama Gwamaka alitoka kwenda kwenye mazoezi ya kwaya. Alivaa viatu vyeupe. Vyeupe pe!

Akapiga hatua. Akapiga hatua nyingine.

PWATA!

Kiatu kimoja hakikuwa cheupe tena.

"Mama yangu weee!" alilia Mama Gwamaka. "Nani kaniwekea hiki?"

Mama alitoka na mwiko mkononi. Mzee Kajuni alitoka na redio sikioni. Wote walikitazama kinyesi. Kisha wote walimtazama Togwa.

Togwa akageuka kuona wanamtazama nani.

"Ni huyu!" alisema Mama Gwamaka. "Mbwa mdogo, mzigo mkubwa!"

"Shikamoo, mama," alisema Sekela.

"Marahaba. Lakini ni mbwa wako!"

"Ulimwona?"

"Nimwone wa nini? Kinyesi ni cha mbwa. Mbwa ndiye huyu. Kesi imekwisha."

"Sekela," alisema Mama, "usibishane na wakubwa."

"Sibishani, Mama. Nauliza."

Mzee Kajuni akakohoa. "Mjukuu wangu, uwanja ni mmoja na watu ni wengi. Kikionekana tena, Jumamosi nampakia kwenye pikapu. Nampeleka shamba. Huko kuna nafasi."

"Shamba ni mbali, babu?"

"Mbali."

"Atarudi?"

Mzee Kajuni akaongeza sauti ya redio.

Moyo wa Sekela ukapiga du, du, du. Alimkumbatia Togwa. Kisha akakunja jicho moja.

"Mh!" alisema. "Hapa pana jambo."

Na kile kinyesi, nani alikiokota? Sekela. Aliokota kwa hasira, lakini aliokota.

"Jani juu, bana!
Kunja, kunja, kunja!
Shimoni, pu!
Sabuni, maji, kwisha!"

Siku hiyo Sekela alimshuku kila mwenye miguu.

Alimshuku mbuzi wa Mama Gwamaka. Mbuzi akainua mkia. Pru-pru-pru! Vikatoka vidonge vidogo, kama maharage.

"Si wewe," alisema Sekela.

Alimshuku jogoo. Jogoo akadondosha kitu cheupe. Chwe!

"Si wewe."

Alimshuku paka wa njiani. Paka akachimba, akajisaidia, akafukia. Akaondoka bila kugeuka.

"Wewe ndiyo kabisa si wewe," alisema Sekela. "Wewe una adabu."

Akabaki Togwa.

Sekela hakutaka kumshuku Togwa. Lakini haki ni haki. Akakaa chini, wakatazamana macho kwa macho.

"Togwa, niambie kweli. Ni wewe?"

Togwa akamlamba pua.

"Kulamba si jibu," alisema Sekela.

Usiku Togwa alilala ndani, miguuni pa kitanda. Lakini mlango wao ulikuwa na mwanya kwa chini. Mwanya wa kupita kuku. Mwanya wa kupita... hata mbwa mdogo?

Sekela aliutazama ule mwanya. Akamtazama Togwa. Akautazama tena mwanya.

"Mh! Hapa pana jambo."

Alhamisi, gari la matangazo lilipita barabarani. Kipaza sauti kikalia kwiii!

"Jumamosi asubuhi! Chanjo ya kichaa cha mbwa! Kiwanja cha mpira! Leteni mbwa wote, wakubwa kwa wadogo!"

"Mama, tutampeleka Togwa?" aliuliza Sekela.

Mama alikuwa akichambua mchicha. Alichambua jani moja kwa muda mrefu sana.

"Tuone kwanza kama Jumamosi atakuwa wetu," alisema taratibu.

Jioni Sekela alisukuma kinu. Akasukuma. Kinu kikasogea, krrr, krrr, mpaka kikaziba ule mwanya wa mlango.

"Sasa tutaona," alisema.

Ijumaa asubuhi, kinu kilikuwa palepale. Togwa alikuwa palepale, anakoroma.

Sekela akachungulia nje.

Kinyesi! Katikati ya uwanja! Kikubwa kama embe dodo!

Sekela akarukaruka. "Si Togwa! Si Togwa! Kinu hakikusogea!"

Mama Gwamaka alikuwa mlangoni kwake. Safari hii alivaa kandambili, na alitazama chini.

"Nani alikiona hicho kinu?" aliuliza.

"Mimi!"

"Wewe ndiye mwenye mbwa. Utamtetea tu."

"Lakini, mama, hebu kitazame! Ni kikubwa! Togwa ni mdogo!"

"Mbwa mdogo, tumbo kubwa," alisema Mama Gwamaka.

Mzee Kajuni akaitikia kwa kichwa. "Kesho asubuhi, mjukuu wangu. Pikapu."

Sekela alitaka kulia. Chozi lilifika ukingoni pa jicho. Likasimama hapo, likisubiri ruhusa.

Hakuliruhusu.

"Wanataka kitu ambacho kila mtu atakiona," alimnong'oneza Togwa. "Si mimi peke yangu. Kila mtu!"

Akafikiri akiosha vyombo. Akafikiri akimenya ndizi. Akatazama uwanja. Vumbi lake lilikuwa laini kama unga. Lakini lilijaa nyayo za watu, za kuku, za mbuzi, zote zimechanganyika.

Uwanja ule ulifagiliwa asubuhi tu. Kila asubuhi. Jioni, hapana.

"Mh!" alisema Sekela.

Jua lilipoanza kushuka, alichukua fagio la chelewa.

Fya, fya, fya.

"Sekela!" Mama Gwamaka alitoa kichwa dirishani. "Hufundwi wewe? Ukifagia usiku unaifukuza riziki!"

"Si usiku, mama. Jua lile pale."

Mama Gwamaka akalitazama jua. Jua lilikuwepo. Jekundu, limekaa juu ya paa la Mzee Kajuni.

"Linazama hilo."

"Linazama, lakini halijazama."

Mama Gwamaka akafungua mdomo. Akaufunga. Akafunga na dirisha.

Fya, fya, fya. Sekela alifagia mbele ya mlango wake. Fya, fya, fya. Alifagia mbele ya nyumba kubwa. Fya, fya, fya. Alifagia mpaka kwenye banda la Komando.

Fss, fss, fss, ilisema ile pua nyeusi.

Uwanja ukabaki safi, wenye mistari, kama nywele zilizochanwa. Hakuna unyayo hata mmoja.

Sekela akaingia ndani kinyumenyume, akifagia nyayo zake mwenyewe. Fya, fya... fya.

Mama alisukuma kinu mlangoni. Krrr.

Asubuhi ya Jumamosi, pikapu ilinguruma barabarani. Grum-grum-grum. Mzee Kajuni alikuwa anaipasha moto. Kisha akaizima, akarudi hadi langoni.

"Haya, mjukuu wangu! Mlete!"

Sekela akafungua mlango.

"MSIKANYAGE!" alipiga kelele.

Mzee Kajuni akabaki na mguu mmoja hewani. Mama Gwamaka akakwama kizingitini. Hata jogoo akanyamaza.

Katikati ya uwanja kulikuwa na kinyesi kipya. Na kuzunguka kinyesi kulikuwa na nyayo.

Nyayo kubwa. Kubwa kama visahani vya chai!

"Mama Gwamaka, shikamoo," alisema Sekela. "Unaziona?"

"Marahaba. Naziona."

"Babu, shikamoo. Unaziona?"

"Marahaba. Naziona," alisema Mzee Kajuni, akishusha mguu polepole.

"Mama, unaziona?"

"Naziona, mwanangu," alisema Mama. Sauti yake ilikuwa kama inataka kucheka.

Sekela akambeba Togwa. Akakanyagisha mguu wake mmoja vumbini. Tup!

Unyayo wa Togwa ulikuwa mdogo. Mdogo kama kizibo cha soda.

Mama Gwamaka akatazama kizibo. Akatazama kisahani. Akatazama kizibo.

"Aa," alisema. "Aa-aa."

"Sasa tuzifuate," alisema Sekela.

Wakazifuata kwa ncha za vidole, wakipita pembeni. Sekela mbele. Togwa kwapani. Mama na Mama Gwamaka nyuma. Mzee Kajuni nyuma kabisa.

Nyayo zilitoka kwenye kinyesi. Zikapita kwenye kamba ya nguo. Zikapita kwenye kisima cha maji ya mvua. Zikaenda, zikaenda, zikaenda...

Zikafika kwenye banda la kona.

Fss, fss, fss.

Kulikuwa na nyayo nyingine pia. Za kandambili. Zilitoka mlango wa nyumba kubwa, zikaja bandani. Zikarudi. Zikaja tena. Zikarudi tena.

Wote wakazitazama kandambili za Mzee Kajuni.

"Mh!" alisema Sekela. "Hapa pana jambo."

"Haiwezekani," alisema Mzee Kajuni. "Komando yuko bandani siku nzima!"

"Mchana, babu. Na usiku?"

"Usiku namfungua. Usiku yuko kazini! Alfajiri namfunga."

"Na kazini hakuna choo?"

Mzee Kajuni akatazama banda, akatazama kinyesi.

Kisha Mama Gwamaka akacheka. Khe! Khe-khe! Khe-khe-khe-khe! Alicheka mpaka akaushika ukuta.

"Mzee Kajuni! Tunasema mbwa, mbwa, mbwa, kumbe mbwa mwingine tumemsahau!"

"Huyu ni mlinzi," alisema Mzee Kajuni. "Sikumhesabu kama mbwa."

Akafungua banda. Kwiii, mlango ukalia.

Sekela alisimama mbali, nyuma ya Mama. Mbwa asiyekuzoea humwendei hivi hivi.

Alitarajia kumwona mkosaji. Mkosaji mwenye macho mabaya.

Lakini Komando alitoka akiwa ameinamisha kichwa. Banda lake lilikuwa dogo. Bakuli lake la maji lilikuwa kavu. Ndani ya bakuli, buibui alikuwa amefuma nyumba yake, akakaa raha mustarehe.

Hapo hasira ya Sekela ikahama. Ilimwacha Komando. Ikatafuta mtu mwingine.

"Babu," alisema, "huyu hana maji."

"Nilisahau."

"Na mchana hatoki."

"Ni mbwa wa ulinzi..."

"Na usiku hakuna anayemwokotea."

Mzee Kajuni akaisogeza redio sikioni. Redio haikusema kitu. Alikuwa ameizima.

"Si kosa la Komando," alisema Sekela. "Mbwa hana mikono, babu. Mikono yake ni wewe."

Mzee Kajuni akaitazama mikono yake. Kulia. Kushoto. Kama vile ndiyo kwanza anaiona.

Sekela akampa kopo la maji. Mzee Kajuni akamfukuza buibui, akamimina. Komando akanywa. Akanywa. Akanywa mpaka bakuli likasema ng'aa.

Kisha Sekela akampa Mzee Kajuni jani la mgomba.

"Mimi?" alisema Mzee Kajuni.

"Wewe, babu."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu ndiko kilikokuwa."

Mzee Kajuni akainama. Magoti yakalia ko! Sekela akamwimbia:

"Jani juu, bana!"

Akabana. "Aisee, kina joto!"

"Kunja, kunja, kunja!"

Akakunja, akakunja, akakunja.

"Shimoni, pu!"

Pu!

"Sabuni, maji..."

"Kwisha!" alisema Mzee Kajuni, akikung'uta mikono. "Na Togwa haendi shamba. Nimesema."

Sekela akamkumbatia Togwa kwa nguvu. Lile chozi la jana likapata ruhusa. Likashuka. Togwa akalilamba.

"Basi yameisha," alisema Mama Gwamaka. "Samahani, Sekela."

"Asante, mama. Lakini hukunisingizia mimi."

"Unataka nimwombe radhi mbwa?"

Sekela alimnyanyua Togwa mpaka usawa wa uso wa Mama Gwamaka.

Mama Gwamaka akatazama kulia. Akatazama kushoto. "Samahani, Togwa," alinong'ona.

Togwa akamlamba pua. Safari hii, kulamba kulikuwa jibu.

"Na pikapu imeshapata moto," alisema Mama. "Si leo ni chanjo?"

"Kweli!" alisema Mzee Kajuni. "Komando naye hajawahi. Haya, wote nyuma, ruka, twende!"

Sekela akakunja jicho moja. "Mh! Babu, nyuma hakuna paa. Gari likifunga breki, Komando atafanyaje?"

"Atajishikilia."

"Kwa mikono ipi, babu?"

Mama Gwamaka akaanza tena. Khe! Khe-khe-khe!

Basi wakaleta kreti kubwa la kabichi, lenye nafasi za kupita hewa. Komando akaingia. Wakalifunga kreti kwa kamba, kaza, kaza, lisiyumbe. Togwa akakaa ndani ya tenga, chini, miguuni pa Mama. Hakuna kutoa kichwa dirishani. Hakuna kumkalia dereva.

Pikapu ikaenda. Grum-grum-grum. Kwenye tuta ikaruka, hop! Sekela akageuka kutazama. Kreti lilikuwa palepale.

Kiwanjani, daktari wa mifugo alichoma sindano. Chwi! Togwa. Chwi! Komando. Komando mkubwa, mlinzi wa usiku, alilia kuliko Togwa.

Wakati wa kurudi, Mzee Kajuni alisimamisha gari dukani. "Tushuke tukanunue betri za redio. Tufunge vioo, mbwa watatungoja. Dakika moja tu."

Jua lilikuwa kali. Kiti kilikuwa kimeanza kuunguza.

"Mh!" alisema Sekela.

"Usiseme," alisema Mzee Kajuni. "Nimeshajua. Hawana mikono ya kufungua mlango."

Akaendesha moja kwa moja hadi nyumbani. Redio ingengoja. Redio haisikii joto.

Jioni ilipofika, Sekela alioga, akala, akapanda kitandani. Togwa akajikunja miguuni.

Mara, huko nje, kitu kikasikika. Kata-kata-kata. Fss, fss.

Sekela akainua kichwa. Akakunja jicho moja. Akachungulia dirishani.

Mzee Kajuni alikuwa anatembea uwanjani, kamba mkono mmoja, jani la mgomba mkono mwingine. Mbele yake alitembea Komando, mkia juu.

Komando akazunguka. Akazunguka tena. Akachuchumaa.

Mzee Kajuni akatazama huku na huku asionekane. Kisha akaimba, polepole, kwa sauti nzito:

"Jani juu, bana.
Kunja, kunja, kunja.
Shimoni, pu.
Sabuni, maji, kwisha."

Sekela akarudi kitandani. Akajifunika shuka mpaka kidevuni.

"Mama," alisema.

"Nini tena, mwanangu?"

"Hapa hapana jambo."

Na jicho lililokunjwa likafumba. Na lile jingine pia.